Gharama ya Mfuko wa Kaki

Kuna vitu ambavyo mwanadamu huvishika kila siku bila ya kuuliza vimetoka wapi. Kimojawapo ni karatasi ya kufungia bidhaa. Mtu hununua sukari, mkate au misumari, akafika nyumbani akatoa alichokinunua, na kile kilichokibeba akakitupa jaani au akakiwashia jiko. Maisha ya karatasi hiyo mkononi mwake aghalabu hayazidi saa moja. Hata hivyo historia yake ni ndefu kuliko ya dola nyingi, na katika miaka ya karibuni imepewa heshima mpya ambayo, kwa maoni yangu, yatupasa tuichunguze.

Heshima hiyo imetokana na kupigwa marufuku kwa mifuko ya plastiki. Zanzibar walitangulia mwaka 2006, Rwanda wakafuata mwaka 2008. Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017 kwa amri kali, ambayo mwenye kuivunja aliweza kutozwa faini ya hadi shilingi za Kenya milioni 4 au kufungwa hadi miaka 4. Tanzania Bara ikaanza tarehe 1 Juni 2019. Mimi si miongoni mwa walioilia mifuko ile tuliyoiita rambo. Niliiona imeziba mifereji wakati wa masika, niliiona imenasa kwenye miiba mashambani, na niliona mbuzi amepasuliwa akakutwa nayo tumboni. Iliyoondoka imeondoka, na heri.

Lakini tangu hapo nimekuwa nikisikia, sokoni na redioni, kwamba mfuko wa karatasi ni "rafiki wa mazingira". Neno hilo rafiki ndilo lililonifanya nishike kalamu. Rafiki wa mazingira ya nani, na ya wapi? Maana nikiipitia historia ya karatasi ya kufungia, naona jambo moja linajirudia kila zama: uchafu wake haukai kwa yule anayeitumia. Plastiki huchafua pale inapotupwa. Karatasi huchafua zaidi pale inapotengenezwa. Ya kwanza tunaiona mlangoni petu, ya pili iko kwenye mto wa watu wengine.

Tuanze mwanzo. Wachina humtaja Cai Lun, mtumishi wa baraza la mfalme, kuwa ndiye aliyewasilisha utaalamu wa kutengeneza karatasi mwaka 105, kwa kutumia magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Angalia malighafi hiyo, ndugu msomaji. Sehemu kubwa yake ilikuwa ni takataka. Karatasi ilizaliwa kama njia ya kukipa kitu kilichochakaa maisha ya pili. Na haikuwa ya kuandikia tu, kwani wakati wa enzi ya Tang Wachina walikuwa wakishona vifuko vya karatasi vya kuhifadhia chai isipoteze harufu yake.

Kutoka huko utaalamu ulipita Samarkand, ukafika Baghdad katika karne ya 8, ukaenda hadi Misri. Neno letu karatasi ni ushahidi wa safari za namna hiyo, kwani tulilipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wagiriki. Msafiri wa Kiajemi aitwaye Nasir Khusraw, aliyefika Misri katika miaka ya 1040, alistaajabia soko la mji mkongwe wa Kairo. Aliandika kwamba wauza viungo na wachuuzi wa pale walimpa mnunuzi chombo cha kuchukulia alichonunua, kiwe cha kioo, cha udongo au cha karatasi, hata mtu hakuwa na haja ya kwenda sokoni na chombo chake. Msafiri yule alikiona kitu hicho kuwa ni ajabu ya kuhadithia kwao. Leo tumekizoea hata hatukioni.

Miaka kama 150 baadaye, tabibu mmoja wa Baghdad, Abd al-Latif, aliishi Misri na kuandika habari za nchi ile. Yeye alieleza jambo la kutisha kidogo. Watu walikuwa wakifukua makaburi ya kale, wakizivua maiti sanda zake za kitani, na vitambaa vile vikauzwa kwa watengeneza karatasi. Karatasi iliyopatikana ikaenda kwa wauza vyakula, wakafungia bidhaa zao. Mama aliyerudi nyumbani na bizari yake hakujua kuwa imefungwa ndani ya sanda. Sisemi haya ili kumchefua mtu. Nasema kwa sababu hapo tayari, katika karne ya 13, lile jambo langu linaonekana wazi: kifungio kizuri, safi, chepesi, na nyuma yake mahali ambapo mnunuzi hakupenda kwenda kupaangalia.

Ulaya nako karatasi ilitengenezwa kwa matambara kwa mamia ya miaka. Kadiri watu walivyozidi kusoma na kufanya biashara, ndivyo matambara yalivyozidi kuadimika. Mwaka 1719 mwanasayansi wa Ufaransa, Réaumur, alitoa wazo kwamba karatasi ingeweza kutengenezwa kwa mti, naye alijifunza hilo kwa nyigu. Nyigu hutafuna ubao, akauchanganya na mate, akajenga kiota ambacho ukikishika ni karatasi halisi. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla ya mwanadamu kumfuata mdudu huyo. Mwaka 1844 fundi wa Kijerumani, Friedrich Gottlob Keller, alifaulu kusaga mti kwenye jiwe la kinu na kupata rojo ya karatasi. Kisha mwaka 1879, katika mji wa Danzig, mkemia Carl Dahl aligundua njia ya kupika mti ambayo ndiyo mama wa mfuko wa kaki tulio nao leo.

Njia hiyo huitwa kraft, neno ambalo kwa Kijerumani na Kiswidi maana yake ni nguvu. Mti hukatwa vipande vidogo, vipande hivyo hupikwa kwa mvuke ndani ya pipa kubwa la chuma pamoja na kostiki soda na kemikali yenye salfa, mpaka ile gundi ya asili inayozishikamanisha nyuzi za mti ilainike na kutoka. Karibu nusu ya mti hubaki kuwa nyuzi. Nusu nyingine hugeuka kuwa maji meusi mazito, ambayo kiwanda kizuri huyakausha na kuyachoma ili kuendesha mitambo yake na kuzirudisha kemikali zitumike tena. Kiwanda kibovu, au kilichochakaa, au kisicho na fedha, huyaacha yavuje. Kadhalika, ile salfa hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo huwafikia watu wa mbali hata wasiokiona kiwanda chenyewe.

Wakati huo huo mashine nazo zilikuwa zinapatikana. Huko Marekani mwanamke fundi, Margaret Knight, alibuni mashine ya kutengeneza mifuko ya karatasi yenye kitako bapa. Mwanamume mmoja akajaribu kumpokonya ubunifu wake, akidai kwamba mwanamke hawezi kuelewa mambo ya mashine. Knight alikwenda mbele ya sheria na michoro yake, akashinda, na hati ya ubunifu akapewa yeye mwaka 1871. Kitako bapa chaonekana ni jambo dogo, lakini mfuko uliosimama wenyewe ulimwachia muuza duka mikono yote miwili ya kujazia. Ukiunganisha mashine ya Knight na karatasi ya Dahl, unapata mfuko wenye nguvu, wa bei rahisi, wa kutumia mara moja. Misitu ya misindano ya Skandinavia na ya Marekani ya kusini ikaanza kupita madukani ikielekea majalalani.

Sasa sikiliza kinyume cha mambo. Mwaka 1965 kampuni ya Celloplast ya Uswidi ilipata hati ya ubunifu wa mfuko wa plastiki wenye mikono, kazi ya mhandisi wake Sten Gustaf Thulin. Mwanawe alikuja kuwaeleza waandishi wa habari kwamba baba yake aliuona mfuko ule kuwa ni msaada kwa misitu, kwa sababu mifuko ya karatasi ilikuwa inamaliza miti, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akitembea na mmoja ameukunja mfukoni ili autumie tena na tena. Kwa hiyo plastiki, huyu adui wetu wa leo, aliingia mlangoni akiwa amevaa kanzu ile ile ya urafiki na mazingira tunayomvika leo karatasi. Dawa ya jana ndiyo maradhi ya leo. Anayetuuzia dawa mpya hana budi atuambie mapema itamuumiza nani.

Huku kwetu, sisi tuliokua kabla ya rambo tuliishi na vifungio vya namna nyingi. Samaki alifungwa kwa jani la mgomba. Embe na nazi zilikuja ndani ya pakacha la makuti, ambalo lilisukwa asubuhi na kuoza wiki ile ile. Mama alikwenda sokoni na kikapu cha ukindu. Mafuta ya taa ulikwenda na chupa yako, na soda haikutoka dukani bila ya kuacha chupa tupu. Karatasi ilikuwepo, lakini ilikuwa na miaka mingi ya utumishi. Gazeti lilisomwa na nyumba tatu, kisha likasokotwa kuwa kifuko cha karanga. Mfuko wa saruji ulikung'utwa, tabaka la ndani lililo safi likafunikia madaftari ya shule. Hatukuwa na neno mazingira midomoni. Tulikuwa na uhaba, na uhaba ulitufundisha adabu.

Plastiki ilipokuja ilivifagia vyote hivyo. Kule Kenya ilichukua hata jina, kwani watu wengi waliuita mfuko wa plastiki "karatasi", na hakuna aliyeshangaa.

Lakini Afrika Mashariki haikuwa mtumiaji tu wa karatasi. Tulitaka kuitengeneza wenyewe, na hapa ndipo historia inapotugusa. Magharibi ya Kenya, kando ya mto Nzoia, kuna mji wa Webuye, ambao wakati wa ukoloni uliitwa Broderick Falls kwa ajili ya maporomoko yaliyo karibu. Hapo kilijengwa kiwanda cha Pan African Paper Mills, kwa ubia wa serikali ya Kenya, wenye mtaji kutoka India na shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia. Kilianza kazi mwaka 1974, kikila misindano na miti mingine iliyopandwa. Webuye ukawa mji. Vijana walipata ajira, maduka yalifunguliwa, nyumba zilijengwa, wakulima walipata soko la miti.

Gharama yake ilijulikana haraka. Harufu ya salfa ilitanda juu ya mji mchana na usiku. Wakazi walilalamika kwa miaka mingi kuhusu vifua vyao, na kuhusu mabati ya nyumba zao yaliyoliwa na kutu kabla ya wakati wake. Maji ya kiwanda yalitiririkia Nzoia, na Nzoia haukomi Webuye. Unapita Mumias, unakwenda Budalang'i, unamwaga maji yake Ziwa Victoria. Mtu wa Nairobi aliyefunguliwa boksi jipya hakunusa kitu.

Mwaka 2009 kiwanda kilifungwa, baada ya madeni na gharama za uendeshaji kukilemea. Harufu ikapungua. Lakini usidhani watu wa Webuye walisherehekea. Mishahara ilikoma, wapangaji walihama, maduka yalifungwa, na wale wale waliokuwa wakilalamikia moshi wakaanza kuuomba urudi. Mwaka 2016 kiwanda kiliuzwa kwa mwekezaji binafsi, na watu walikuwa na matumaini. Nani wa kuwalaumu? Mwenye njaa hachagui hewa. Hilo ndilo linalonikera katika mazungumzo mepesi kuhusu "urafiki": tunampa mtu wa mbali achague kati ya pafu na tumbo, halafu sisi tunajisifu kwa usafi wa mitaa yetu.

Tanzania tuna Mgololo, katika wilaya ya Mufindi. Kwenye nyanda hizo, Sao Hill, majaribio ya kupanda miti yalianza mwaka 1939, na baada ya uhuru yakapanuliwa hadi kuwa shamba kubwa la misitu ya misindano na mikaratusi kuliko mengine yote nchini. Reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 ilipita karibu. Mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Southern Paper Mills kilianza kazi, kikiwa kimekusudiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Ilikuwa ndoto ya taifa, kwamba mtoto wa Tanzania aandike kwenye daftari la mti wa Tanzania. Miaka ya 1990 kiwanda kilisimama, na mwaka 2004 kikaingia mikononi mwa mwekezaji binafsi. Tangu hapo kazi yake kubwa imekuwa ni karatasi ya kraft, ile ya mifuko na maboksi. Ndoto ya daftari imegeuka kuwa kifungio.

Sikusudii kuupiga vita msitu wa kupandwa. Mti uliopandwa ukavunwa na kupandwa tena ni bora mara nyingi kuliko msitu wa asili uliofyekwa, na bora kuliko mafuta ya petroli yasiyopandika. Lakini msitu wa aina moja ya mti hauna ndege na wadudu na dawa za asili zilizokuwa kwenye mbuga na misitu iliyotangulia, na mikaratusi inakunywa maji kwelikweli. Nyanda za Mufindi ni chemchemi za mito inayokwenda kuilisha Rufiji. Kila mfuko wa kaki una kikombe cha maji hayo ndani yake, ingawa ukiushika ni mkavu.

Wapo waliofanya hesabu kwa makini. Idara ya mazingira ya Uingereza ilichapisha mwaka 2011 utafiti uliolinganisha mifuko ya madukani tangu malighafi hadi jaani. Mfuko mwepesi wa plastiki ulikuwa na uzito wa gramu 8 hivi, wa karatasi gramu 55 hivi. Kwa upande wa kuipasha dunia joto, ilionekana kwamba mfuko wa karatasi lazima utumike angalau mara 3 ndipo ulingane na wa plastiki uliotumika mara 1. Mfuko wa kitambaa cha pamba ulihitaji mara 131. Hesabu hizo hazikuhusu mifereji iliyoziba wala tumbo la mbuzi, kwa hiyo haziifanyi plastiki kuwa malaika. Aidha, karatasi ikifukiwa jaani pasipo hewa huoza na kutoa gesi ya methani, nayo ni hodari kuliko moshi wa kawaida katika kuipasha dunia joto. Ikikusanywa na kupondwa upya inaweza kurudi kazini mara 5 hadi 7 hivi kabla ya nyuzi zake kuwa fupi mno. Na ule wa kaki, usiopaushwa, una nafuu kuliko mweupe, kwani ilikuja kugundulika katika miaka ya 1980 kwamba kupausha kwa klorini kulikuwa kunaacha sumu ya dayoksini katika maji ya viwanda.

Kwa hiyo tufanye nini? Kurudi kwenye rambo, la hasha. Nasema tu kwamba sheria zetu zimelitazama tendo la kutupa, hazijalitazama tendo la kutengeneza. Mkaguzi anasimama sokoni akikagua mikono ya wauza nyanya. Ningependa kumwona mwenzake akisimama pale maji ya kiwanda yanapoingia mtoni, akiwa na chupa ya kupimia, na majibu yake yakibandikwa ubaoni mjini ili mwenye kunywa maji hayo ayasome. Ningependa pia anayeokota maboksi mitaani, ambaye tunampita kama hatumwoni, alipwe bei inayostahili, kwani kila mkokoteni wake ni miti ambayo haikukatwa.

Na sisi wanunuzi tuna letu. Mfuko wa kaki ukikaa nyumbani ukaenda dukani mara tatu, umelipa sehemu ya deni lake. Ukitumika mara moja ukachomwa, deni limebaki Mgololo au Webuye au kwenye mto mwingine wa nchi tusiyoijua jina. Kikapu cha ukindu nacho hakina hesabu ngumu. Wasusi wa ukili bado wapo pwani na visiwani, wengi wao wanawake watu wazima, na mabinti zao hawaifuati kazi hiyo kwa sababu hailipi. Bei ya kikapu kimoja ni kubwa kuliko ya mfuko wa kaki, hilo nakubali. Lakini kikapu hudumu miaka, na kikichoka kinaoza kwenye shimo la mbolea nyuma ya nyumba. Gharama yake yote tunaijua, na mtu tunayemlipa tunamjua kwa sura.